Hodi Kifuani

Mashine ilianza kuchora kabla haijafungwa kwa mtu yeyote.

Nyaya zake zilikuwa zimelala juu ya meza, hazijagusa ngozi ya mtu, na bado kalamu ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, na karatasi ikawa inatoka taratibu ikiwa na mistari iliyopangika vizuri. Madaktari vijana sita waliokuwa wameizunguka walitazamana. Mwalimu wao, Dokta Abdulkarimu, alicheka akaipiga kofi ubavuni.

"Umeme wa jenereta huo," alisema. "Na yenyewe ya mtumba, imezoea umeme wa Ulaya. Isameheni."

Wakacheka naye. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mwaka tisini na nne, kila kitu kinaingia nchini kwa mafurushi: mashati, redio, majokofu yaliyochoka. Hata hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na mojawapo ilikuwa hii ndogo ya Kibiti iliyowapa chumba cha kufanyia kozi yao ya moyo. Kozi yenyewe ilikuwa ya siku tatu: kusikiliza moyo, kuuchora moyo, na kuuamsha moyo uliosimama. Hakuna aliyejisumbua kutazama dirishani. Nje, kwenye benchi la barazani, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amekaa akisubiri kuitwa, kidole chake kinagonga goti, na kidole hicho kilikwenda sawasawa na ile kalamu.

Kati ya wale sita, wawili walikuwa mtu na mkewe. Nassibu alikuwa Mmatumbi wa Ikwiriri, na Hafsa alikuwa binti wa Nyamwage. Ndoa yao ilikuwa na miezi mitatu tu. Nassibu alikuwa na adabu ya kupita kiasi. Akipita mbele ya watu waliokaa, huinama. Akipigiwa hodi, huitika hata kama ametoka kulala na shuka hajui iko wapi. Hafsa alikulia kando ya barabara kuu ya Lindi, ambako ukizubaa umeachwa, na adabu ile ilimuudhi. Lakini ndiyo iliyomfanya aikubali posa. Alimpenda mumewe kwa moyo wote na hakuona haya kusema.

Somo la kwanza lilikuwa kusikiliza. Dokta Abdulkarimu alikuwa bingwa kutoka Dar es Salaam, mcheshi, mwenye tumbo la kutangulia mlangoni, na alijipenda kidogo kwa namna anavyofundisha.

"Moyo ni nyumba," alisema. "Ina vyumba vinne na milango minne. Unachokisikia ni milango inajifunga. Vitabu vinasema mlio wake ni lab-dab. Hiyo lab-dab ni ya wenyewe waliovitunga. Moyo wa huku kwetu unasema hodi. Ho, mlango wa kwanza. Di, mlango wa pili. Ho-di. Ho-di. Mkisikia mvumo kati ya ho na di, mlango umelegea, damu inarudi nyuma. Tumeelewana?"

Walielewana. Mpaka saa nne asubuhi chumba kizima kilikuwa kinasema hodi, wanapimana, wanacheka. Ndipo alipoitwa yule mwanamke wa barazani.

Aliitwa Bi Kudra, mkulima wa Mloka, na mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umelegea kwa miaka mingi. Alikubali vijana wajifunzie kwake. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akapanda kitandani na kuishusha kanga yake kwa shida, mkono mmoja umekamata ukingo wa kitanda.

"Sikilizeni mpendavyo, wanangu," alisema. "Ila msijibu."

"Tusijibu nini, mama?" Hafsa aliuliza.

"Nyie msijibu tu."

"Hataki aambiwe ugonjwa wake mbele za watu," Dokta Abdulkarimu aliwaeleza kwa sauti ya chini. "Wazee wengi wako hivyo. Mheshimuni."

Sasa hapo ndipo mtu unapotamani kumshika bingwa yule mashavu na kumgeuza amtazame mgonjwa wake, maana Bi Kudra alikuwa anatikisa kichwa. Lakini foleni ilikwisha anza. Mmoja mmoja waliweka stetoskopu kifuani pake, wakausikia mvumo, wakaandika. Nassibu alikuwa wa mwisho.

Alifumba macho, kama walivyofundishwa, ili masikio yafanye kazi peke yake. Alisikia ho-di. Alisikia ule mvumo katikati. Kisha akasikia harufu, na harufu haikuwa ya spiriti wala ya dawa ya sakafu, ilikuwa ya tope la mtoni maji yakipungua, tope bichi lenye samaki waliofia ndani yake. Akataka kufumbua macho. Hakufumbua, kwa sababu kule ndani ya mirija, mbali kidogo, mlio ule ulikuwa umekwisha geuka sauti ya mtu.

"Hodi," ilisema. Ilikuwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima zake, aliyetoka safari.

Nassibu alibana midomo.

"Hodi wenyewe."

Hafsa, aliyesimama upande wa pili wa kitanda, aliona midomo ya mumewe inacheza.

"Hodi jamani, hodi hapa."

Mara ya tatu, na mtu hajaitikiwa, na yuko mlangoni, na amechoka. Mdomo wa Nassibu ulifanya kile ulichofundishwa tangu hajaota meno.

"Karibu," alisema.

Jenereta lilikohoa huko nje. Bi Kudra alivuta pumzi ndefu, ndefu kuliko mgonjwa wa moyo anavyoweza kuvuta, kisha akamkamata Nassibu kifundo cha mkono.

"Umesema nini?"

"Samahani, mama. Mdomo umeteleza."

"Miaka kumi na moja sijamwitikia," Bi Kudra alisema. Alikuwa analia, na Hafsa alishtuka kuona kwamba analia kwa furaha na kwa huruma vyote pamoja. "Miaka kumi na moja! Masikini, mwanangu. Masikini weye."

Dokta Abdulkarimu alimsogeza Nassibu, akaweka stetoskopu yake mwenyewe. Alisikiliza juu, chini, ubavuni. Alisikiliza muda mrefu mpaka jasho likamtoka.

"Mvumo haupo," alisema hatimaye. "Mlango unafunga."

Bi Kudra alishuka kitandani peke yake, akajifunga kanga, akatoka. Alishuka ngazi za baraza bila kushika kitu.

*

Siku ya pili walichorana wenyewe kwa wenyewe. Ilipofika zamu ya Nassibu, kalamu ilichora mistari miwili. Mmoja ulikuwa mdogo, wa haraka, wa mtu aliyechoka. Wa pili ulikuwa mkubwa, unakwenda polepole, na ulipita juu ya ule mdogo kila mara ukaufunika.

"Nyaya zimelegea," alisema Dokta Abdulkarimu. Akazikaza. Mistari ikabaki miwili. Akazikaza tena, kisha akaichana karatasi na kuitia mfukoni, na siku hiyo hakutania tena mtu.

Hafsa hakungoja ruhusa. Aliweka stetoskopu kwenye kifua cha mumewe, kifua alicholala juu yake usiku uliopita akidhani ni joto tu linalomnyima usingizi, na akasikiliza.

Hakukuwa na hodi.

Kulikuwa na nyayo. Nyayo zilizolowa, za mtu asiyevaa viatu, zilitembea polepole kutoka upande mmoja wa kifua kwenda mwingine, zikasimama, kisha kitu kizito kikaburutwa, kama mtu anayehamisha kitanda, kikawekwa, kikaburutwa tena kidogo kwa sababu hakijakaa anavyopenda, kisha ukaanza ufagio, shwaa, shwaa, bila haraka, kona kwa kona, na katikati ya kufagia kule Hafsa akasikia mlango unafungwa na komeo linasukumwa kwa ndani.

Alivua stetoskopu.

"Unaumwa wapi, mume wangu?"

"Siumwi. Nimechoka tu." Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Mchana, wakati wa chakula, Hafsa alimpakulia wali na samaki. Nassibu alitazama sahani.

"Ongeza sahani nyingine," alisema.

"Ya nani?"

Nassibu hakujua. Walikaa wakitazamana juu ya chakula kile mpaka kikapoa, na wote wawili walikuwa wanaogopa.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Dokta Abdulkarimu aliwafundisha kuamsha moyo uliosimama. Hakukuwa na sanamu la kujifunzia, wakatumia mto mkubwa wa sufi. Viganja viwili, mikono imenyooka, unasukuma kwa uzito wa mwili. "Msihesabu moja mbili, mtapoteza mwendo," aliwaambia. "Kila msukumo mmoja, semeni hodi. Kwa sauti, wote. Hodi! Hodi! Hodi!" Walipokezana mpaka mto ukapasuka mshono, na mdomo wa kila mmoja ukazoea. Nassibu alikaa pembeni kwenye kiti, hakuwa na nguvu za kusukuma hata sufi.

Hafsa hakuusubiri mwisho wa somo. Alitoka akauliza watu, akaelekezwa nyumba moja nyuma ya soko, ambako Bi Kudra alikuwa kwa shemeji yake akingoja lori la kurudi Mloka. Alimkuta anatwanga. Mtu ambaye jana hakuweza kushusha kanga, leo anatwanga.

"Nilijua utakuja," Bi Kudra alisema, akaweka mchi chini. "Kaa, mwanangu."

"Mama, mume wangu anakufa."

"Naam."

Akamweleza. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa shambani akilinda mpunga usiliwe na nguruwe, yuko juu kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti. Dungu halina mlango. Lina ngazi tu, na ngazi ukishapanda unaivuta juu. Basi akasikia hodi kutoka chini, mtoni kuko karibu. Nani apige hodi pasipo na mlango? Hakuitika. Kulipokucha alipumua, akadhani yamekwisha, na alipoweka mkono kifuani akaisikia hodi ile iko ndani.

"Kaona dungu halina mlango, katafuta penye mlango," alisema Bi Kudra. "Lakini yule ana adabu zake. Haingii bila kukaribishwa. Akagonga mlango mpaka ukalegea, miaka yote hiyo, na mie nimekaza meno. Mumeo kamwitikia kwa kinywa chake. Nyumba aliyoingia ni ya aliyeitika."

"Atatokaje?"

"Mwenye nyumba amwambie. Mwenyewe, si mwingine. Aseme: mgeni, nakupa ruksa, nenda. Aseme kabla ya adhuhuri ya siku ya tatu. Baada ya hapo mgeni si mgeni tena."

Hafsa alikuwa ameshasimama. Bi Kudra alimshika upindo wa kanga.

"Na asipigiwe hodi. Umesikia? Sasa nyumba ile ina watu wawili. Mkimpigia hodi mwenyewe akiwa amelala, ataitika yule. Na atakayeitika hodi ndiye mwenye nyumba."

*

Nassibu hakukubali.

"Mimi ni daktari, Hafsa," alisema, amelala chali, anahema. "Nizungumze na kifua changu? Kesho twende Muhimbili, nikapimwe na mashine nzima."

"Kesho ni siku ya tatu."

"Halafu," Nassibu alisema, na sauti ikawa nzito kidogo, "mgeni humfukuzi hivi hivi. Hajakaa hata."

Nassibu aliweka mkono mdomoni kama mtu aliyetapika mbele za watu. Kisha machozi yakamtoka. "Si mimi niliyesema hivyo," alinong'ona. "Hafsa, si mimi."

"Najua. Mwambie aende. Mwambie sasa hivi."

Alijaribu. Alisema "mgeni", na kilichofuata ni "starehe". Alijaribu tena, akasema "mgeni, jisikie uko kwako". Usiku kucha alijaribu, na usiku kucha ulimi wake ulimkaribisha yule, mpaka Hafsa akamziba mdomo kwa kiganja na kumwomba apumzike.

Asubuhi hakuweza kusimama kuswali. Alitaka kubaki nyumba waliyopanga, lakini Hafsa alimbeba kwa mkokoteni wa kubebea magunia hadi hospitali, kwa sababu kule kulikuwa na oksijeni na yeye bado alikuwa daktari. Akamlaza kwenye kile kitanda cha mafunzo. Wenzao walikuwa wametoka kunywa chai. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Harufu ya tope ilijaa chumbani. Hafsa alipiga magoti, akashika uso wa mumewe kwa mikono miwili.

"Nitazame mimi. Usimfikirie yeye. Fikiria ni mtu amekuzuilia njia, na mimi nakungoja upande wa pili, nimechelewa, chakula kinapoa. Mwambie apishe."

Nassibu alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu jana macho yake yalikuwa yake peke yake.

"Mgeni," alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Mgeni, nakupa ruksa. Ne..."

Taya zikafunga. Mgongo ukajikunja, ukanyooka, na mkono uliokuwa umemshika Hafsa ukalegea. Hafsa alitafuta mshipa wa shingo. Hakukuwa na kitu.

Alipiga kelele moja tu. Kisha akapanda kitandani, akaweka viganja viwili katikati ya kifua na kuanza kusukuma, mikono imenyooka, uzito wa mwili mzima.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne."

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Dokta Abdulkarimu aliingia na wale wanne nyuma yake, akaona, na, tumpe haki yake, hakupoteza hata nukta. Alimwinua Nassibu kidevu, akampulizia pumzi.

"Vizuri, Hafsa! Usisimame! Lakini unakwenda mbio, unapoteza mwendo. Hodi! Kwa hodi!"

"Hapana!" Hafsa alisema. "Tano. Sita. Msiseme!"

"Hodi!" Dokta alipiga kofi kuutoa mwendo. "Wote, msaidieni! Hodi!"

"Hodi!" waliitikia wale wanne, kama walivyozoezwa jana. "Hodi! Hodi!"

"Nyamazeni! Nawaombeni nyamazeni, msimpigie hodi, msimpigie hodi!" Hafsa alikuwa anapiga kelele mpaka sauti ikakatika, lakini mikono hakuitoa, angeitoaje, ndiyo iliyokuwa inamshikilia mumewe asiende, na kila alipoikandamiza chini wenzake wakasema hodi, na kila waliposema hodi alisikia kwa viganja vyake, chini ya mfupa, mtu anaacha alichokuwa anafanya, anasimama, anakuja, hatua moja, hatua mbili, nyayo zilizolowa, na Hafsa akalia, "Itika wewe, Nassibu, itika wewe kwanza, amka uitike wewe," na wao hodi, na yeye anasukuma, na wao hodi, na komeo likavutwa.

"Karibuni," kifua kilisema.

Kila mtu alisikia. Midomo ya Nassibu ilikuwa bado imefungwa.

Kisha ikafunguka, ikavuta hewa. Rangi ikarudi kwenye kucha, ikarudi usoni. Mtu mmoja akaanza kucheka kwa woga na faraja, mwingine akapiga makofi, na punde wote walikuwa wanapiga makofi na kukumbatiana, wanaambiana kwamba sauti ile ilikuwa hewa iliyobanwa ikitoka, inatokea. Dokta Abdulkarimu alifunga nyaya. Kalamu ikachora mstari mmoja, mkubwa, uliotulia. Aliinua karatasi juu kuwaonyesha.

Hafsa hakuitazama karatasi. Alikuwa bado amepiga magoti kitandani, viganja vyake juu ya kifua kile kilichokuwa kinapanda na kushuka vizuri kabisa. Aliinama mpaka nywele zake zikagusa shavu.

"Nassibu?" alinong'ona. "Mume wangu?"

Yule aliyelala alimgeukia. Alimtazama kwa upole, na kwa heshima zote, kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyesimama kizingitini pako.

"Mwenyewe katoka," alisema. "Nyumba kaniachia mie."